Miaka 19 sasa natengeneza majokofu ya mochwari. Hawa wa Arizona wanaogandisha wafu wameninyima usingizi

#1 FundiBaridi (mleta uzi)

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga ausome kesho kwa waifai ya ofisini.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nilianza na friji za soda na za mabucha, nikaingia kwenye vyumba vya baridi vya wakulima wa maua, na tangu 2006 kazi zangu nyingi ni za mochwari, huku kanda ya kaskazini. Nikilisema hilo kwenye daladala, jirani yangu huwa anahamisha kiwiko. Nimeshazoea.

Juzi kijana wangu wa kidato cha nne kaniletea simu: "Baba, ona wenzako." Ilikuwa picha ya ukumbi mweupe wenye matangi ya chuma yanayong'aa, marefu kuliko mtu. Mahali panaitwa Alcor, mji wa Scottsdale, Arizona, Marekani. Ndani ya yale matangi mna watu. Wamekufa, na sheria imeshasema wamekufa, ila wenye matangi hawawaiti marehemu, wanawaita wagonjwa. Wanangoja siku sayansi itakapoweza kuwayeyusha, kuwatibu kilichowaua na kuwasimamisha. Pale peke yake wako zaidi ya 200.

Nilicheka. Usiku sikulala, maana kichwa cha fundi kikishaona mtambo hakitulii mpaka kiujue.

Kumbe jambo lenyewe si la jana. Wa kwanza ni profesa mmoja wa saikolojia, James Bedford, aliyekufa kwa kansa California tarehe 12 Januari 1967 akiwa na miaka 73. Mpaka leo yumo. Familia yake ilimhangaikia miaka mingi, chombo kikihamishwa huku na kule. Mwaka 1991 alipohamishiwa tangi jipya walimfungua wakamtazama, wakakuta vipande vya barafu ya kawaida vilivyokuwa naye havijapoteza umbo, kwa hiyo hakuwahi kuyeyuka muda wote ule. Kama fundi, navua kofia. Nimewahi kufungua friza la muuza samaki nikakuta sato wa juzi hajulikani kichwa wala mkia.

Mtambo wenyewe hauna kompresa, feni wala waya. Ni chupa ya chai kubwa: kuta mbili za chuma, katikati ombwe, ndani naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Inachemka taratibu na kupotea, wao wanaongeza. Umeme ukikatika wiki nzima hawana habari. Tangi moja linabeba watu wanne, wakiwa vichwa chini miguu juu, ili likivuja, kichwa kiwe cha mwisho kuyeyuka. Mwili mzima ni zaidi ya dola 200,000, kichwa peke yake kama 80,000, na wengi wanalipa kwa bima ya maisha. Bima ya maisha! Nililisoma mara mbili.

Nami niwaeleze ninachokijua cha baridi yangu. Miaka kadhaa nyuma, hospitali moja siitaji, umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jenereta lipo, dizeli haipo. Wananipigia Jumamosi saa nne asubuhi. Kipimajoto cha mlangoni kinasoma 17, panapotakiwa kusoma 4. Droo sita, watu sita. Mhudumu wa pale, mzee mmoja mpole sana, alikuwa amejifunga kitambaa puani anamwaga dawa sakafuni, na kila akipita droo ya tatu anaigusa kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto. "Fundi, huyu wanakuja kumchukua kesho, watoto wake wako njiani kutoka Dar." Nje alikuwepo binti wa mmoja wa wale sita. Hakuniuliza habari za kompresa. Aliuliza, "Mama yuko salama?" Nikamjibu yuko salama. Mpaka leo sijui nilimaanisha nini.

Wa Marekani nao yaliwahi kuwakuta. Kwenye makaburi ya Chatsworth, California, chama kimoja cha wagandishaji kiliweka watu ndani ya chumba cha chini ya ardhi. Ndugu wakaacha kulipa, hela ya naitrojeni ikaisha, mwenye chama akanyamaza. Mwaka 1979 mambo yakawa hadharani: watu tisa wameyeyuka na kuoza.

Swali langu sasa. Mimi ni Mlutheri, naimba besi, si mzee wa kanisa wala nini. Kila Jumapili nasimama nakiri kwamba naamini ufufuo wa mwili. Wa mwili, si roho kuelea mawinguni. Na hawa nao ni mwili wanaoutaka. Tunatofautiana wapi hasa? Anayetaka kunijibu "wale ni wapagani" apite tu, hajanisaidia.

#2 SinaUpande

Mkuu tofauti mbona nyepesi. Wao wana tangi, wana mkataba na naitrojeni inayopimwa. Ninyi mna kitabu. Miaka 2000 mnangoja, kaburi gani limefunguka?

Na sayansi haijalala. 2023 Chuo Kikuu cha Minnesota wamegandisha figo za panya, nyingine wakazikalisha siku 100, wakazipasha joto kutokea ndani kwa chembe ndogo sana za chuma zinazochochewa na sumaku, wakazipandikiza kwa panya wengine, panya wakaishi. Leo figo, kesho mtu mzima. Mimi nasubiri.

#3 MamaMitamba

Shikamooni wakubwa. Naona mnaiongelea naitrojeni kama kitu cha Arizona. Mimi naibeba kwenye pikipiki.

Ni mtaalamu wa uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mrija bila dume, nazungukia wafugaji wa Arumeru na Hai. Mbegu za madume zinatoka kituo cha taifa, NAIC, pale Usa River. Ziko ndani ya mirija myembamba kama ule wa wino wa peni, mirija imo kwenye mtungi wa naitrojeni. Nikifungua kifuniko, moshi mweupe unashuka chini badala ya kupanda, na watoto wa mtaa mzima wanakuja mbio. Natoa mrija, naulaza kwenye maji ya uvuguvugu nusu dakika, naufuta, nakata ncha, kazi inaanza.

Mwaka juzi bibi mmoja aliniuliza dume ni la nani. Nikamwambia dume lilishakufa. Akashika mdomo: "Yaani ng'ombe wangu anaolewa na marehemu?" Ndama akazaliwa, jike, mzuri kweli, bibi akamwita Ufufuo. Kwa hiyo FundiBaridi, viko vitu vinarudi kutoka kwenye baridi ile.

Lakini SinaUpande ngoja nikupunguzie kasi. Kinachorudi ni mbegu, seli mojamoja, na hata hizo si zote: ukiweka tone chini ya hadubini unakuta sehemu kubwa zimelala hazijui chochote. Hizo zinazoogelea zimeokolewa na glisaroli. Mwaka 1949 kule Uingereza Christopher Polge na wenzake waliikuta kwa bahati, chupa ilikuwa na kibandiko kisichokuwa chake. Inazuia maji yasijenge barafu yakapasua seli. Dume zima? Hakuna aliyewahi kuligandisha kwa baridi hiyo likarudi, wala mbuzi, wala hata paka. Kitu kikiwa kikubwa, nje kimeshaganda wakati ndani bado, na wakati wa kuyeyusha ni shida ileile kwa kinyume. Huko Arizona hawatumii barafu siku hizi, wanaondoa damu na kuingiza dawa inayogeuka kama kioo. Vizuri. Ila kioo nacho kwenye baridi kali kinapasuka nyufa, wenyewe wanakiri.

#4 FundiBaridi

Marahaba MamaMitamba. Huyo Ufufuo anatoa lita ngapi?

SinaUpande, swali la kaburi gani limefunguka ndilo swali lenyewe, na Paulo alilikubali kabla yako. Aliwaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure, imani ni bure, na sisi ni watu wa kuhurumiwa kuliko wote. Hakukimbilia kusema ni mfano. Mimi sina risiti ya kukuonyesha, nakubali. Ila na wewe usiniambie tangi ni risiti. Mkataba wa Bedford unamtegemea nani? Mtu ambaye hajazaliwa: aje awe na ujuzi, awe na hela, na zaidi ya hapo awe na sababu ya kumtaka Bedford. Wale tisa wa Chatsworth walikuwa na ndugu wanaowafahamu kwa majina na bado walishindwa kulipiwa. Hiyo yako ni imani kaka, naijua nikiiona.

Sasa nieleze ninavyoisoma Biblia kifundi. Sura ninayoipenda kikazi ni Yohana 11. Bwana anasema liondoeni jiwe, Martha anamjibu sasa ananuka, ni siku ya nne. Huyo mama ningemwajiri. Watu wote pale wanalia na kuongea mambo ya kiroho, yeye peke yake anaongea joto na siku. Basi Lazaro akatoka, sanda mwilini. Wengi tunaishia hapo. Sura inayofuata inasema wakuu wa makuhani walifanya shauri wamuue Lazaro naye. Alikuwa anauawika! Alirudi na mwili uleule, wa kuumwa jino na wa kuzikwa mara ya pili.

Mimi ninavyoona, matangi yale yakifanikiwa kwa asilimia mia, yatatoa Lazaro. Nitapiga makofi kabisa, sina wivu. Lakini ni Lazaro, atakufa tena, labda kwa ajali ya gari, na hapo hata kichwa kisipatikane cha kugandisha.

Yesu alivyotoka kaburini haikuwa hivyo. Anakula samaki wa kuokwa mbele yao, halafu mlango umefungwa na yumo ndani. Maria anamdhania mtunza bustani. Paulo akiulizwa wafu wanarudi na mwili gani anaghadhibika, anamwita muulizaji mpumbavu, halafu anampeleka shambani: unachopanda si mmea utakaoota, ni punje tupu, na haipati uhai isipokufa. Hapo MamaMitamba kanigusa bila kujua. Mimi kazi yangu yote ni kuzuia punje isioze. Punje niliyoitoa kwenye jokofu jioni ni ileile niliyoiingiza asubuhi, na ikiwa kavu na baridi inaweza kukaa punje miaka na miaka. Kuota ni habari nyingine kabisa, na huko ufundi wangu haufiki.

Naomba nisieleweke kwamba tuache hospitali. Mama mdogo wangu yuko hai kwa ARV tangu zilipoanza kutolewa bure. Nikimsikia mtu madhabahuni anasema dawa ni upungufu wa imani, damu inanichemka.

#5 MwanaWaTanga

Assalaam alaykum. Samahanini kuingilia, mada ni ya Wakristo ila kifo ni cha wote.

Kuna mtu Makka alichukua mfupa uliooza, akausaga mkononi mbele ya Mtume, akauliza nani ataupa uhai huu. Jibu liko mwisho wa Yasini, ile tunayowasomea maiti zetu: atauhuisha yule aliyeuumba mara ya kwanza. Hakuna masharti kwamba mfupa uwe mzima. Ndiyo maana kwetu huku jokofu halina kazi kubwa, fundi usininunie. Aliyekufa alfajiri, alasiri tumeshamzika na kumwagia maji kaburi. Aliye mbali atakuja kuomba dua tu.

Sisi hatuamini kwamba Nabii Issa alisulubiwa, hilo tuliache. Lakini la mfupa naona tuko pamoja.

#6 FundiBaridi

Sikununii mkuu, watu wote wangekuwa kama ninyi watoto wangu wangekula nini tu 😄

Tuko pamoja kwenye la mfupa. Na nikwambie, Wakristo wa kwanza walishalipitia kwa moto. Mwaka 177, mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, waliwaua Wakristo, wakaziacha maiti nje siku sita, wakazichoma, wakafagia majivu yote mto Rhône. Eusebio, mwandishi wa historia ya kanisa la kale, ndiye aliyetuhifadhia habari hiyo, na anasema sababu wenyewe waliitaja: ili wasiwe na tumaini la kufufuka, tuone sasa kama Mungu wao ataweza. Yaani wale watesi walikuwa na akili ya kifundi kabisa, haribu malighafi, kazi isifanyike. Na kanisa halikuanzisha utaratibu wa kuficha maiti kwa usalama. Lilichukua orodha ya majina likaendelea kuyasoma.

Agostino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, baadaye akapewa swali gumu zaidi: mtu kaliwa na mtu mwenzake wakati wa njaa, ile nyama itafufuka kwa nani? Akajibu kwamba itarudi kwa aliyekuwa nayo kwanza, mwingine ni kama aliazima. Jibu lenyewe sina hakika kama linaniridhisha. Kinachonipendeza ni kwamba hakumfukuza muulizaji.

#7 BintiRungwe

Kwetu sisi Wamoravian tuna kitu nataka kukichangia. Alfajiri ya Pasaka hatuanzii kanisani, tunaanzia makaburini. Giza bado, umande mpaka magotini, mmeshika taa, wazee wa tarumbeta wamevaa makoti mazito. Mnasubiri jua hapo kati ya makaburi. Likichomoza tu juu ya mlima, tarumbeta zinalia. Utaratibu huu ulianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, wamisionari wakaja nao Rungwe kuanzia 1891.

Nilipokuwa mdogo niliogopa. Nilimwuliza bibi kwa nini tunawapigia tarumbeta watu waliolala. Akasema, "Tunawazoesha sauti."

#8 MzeeLumumba

Vijana, nimewasoma wote kwa utulivu.

Nilisoma Moscow miaka ya 80, Chuo cha Patrice Lumumba. Mwaka wa kwanza tulipelekwa kumwona Lenin. Foleni ndefu, theluji, hakuna kutia mikono mfukoni, hakuna kusimama. Amelala kwenye kioo tangu 1924, uso kama nta. Askari ananisukuma nisogee, na mimi najiuliza: hawa hawaamini mbingu, mbona wanatunza maiti hivi?

Aliyenisaidia ni mwalimu wangu wa Kirusi, mama mtu mzima aliyekuwa akienda kanisani kwa kujificha. Alinitajia Nikolai Fedorov. Huyu alizaliwa 1829, akafa 1903, alikuwa mkutubi wa Makumbusho ya Rumyantsev hapo Moscow. Mshahara aligawia maskini, kitanda chake kilikuwa sanduku. Mkristo wa Kiorthodoksi hasa. Fundisho lake lilikuwa moja na zito: kumheshimu baba na mama hakuishii kaburini. Kila kizazi kinakaa juu ya mifupa ya waliokitangulia, kinakula walichokiacha, halafu kinaita maendeleo. Kwa hiyo wanadamu waache vita, waunganishe sayansi yote, wawafufue baba zao, nao wawafufue babu zao, kurudi nyuma mpaka wa kwanza. Mungu angefanya kwa mikono yetu. Watakaa wapi wote hao? Kwenye nyota na sayari. Kwenye maktaba yake alikuwa akija kijana mmoja mwenye uziwi, Fedorov akimpa vitabu. Kijana huyo ni Konstantin Tsiolkovsky, yule wa hesabu za roketi.

Kwa hiyo FundiBaridi, wakati Bedford hajazaliwa, mawazo haya yalishapita kwa Mkristo anayefunga Kwaresima. Baadaye wakaja walioichukua ile kiu wakamwacha Mungu. Aleksandr Bogdanov, Mbolsheviki, alifungua taasisi ya damu Moscow mwaka 1926 akiamini wazee wakibadilishana damu na vijana watapata nguvu. Mwaka 1928 akabadilishana na mwanafunzi mwenye malaria na kifua kikuu. Mwanafunzi alipona, Bogdanov akafa.

Makaburi alikozikwa Fedorov yalisawazishwa enzi za Wasovieti. Nilitaka kwenda kumwekea ua, nikaambiwa hakuna kaburi.

#9 SinaUpande

Mzee shikamoo. Hiyo ya Bogdanov imerudi tena. Bryan Johnson, yule tajiri wa Marekani anayetumia kama dola milioni 2 kwa mwaka asizeeke, 2023 alitiwa plazma (ile sehemu ya majimaji ya damu) ya mwanawe wa miaka 17, na yeye akamtolea baba yake mzazi. Alipojipima akasema kwake haina faida, akaacha. Na 2022 wamefungua Altos Labs kwa dola bilioni 3 kuzirudisha seli ujanani. Hizo ni hela za watu makini, si wahuni.

Halafu niseme kitu. Mwanzo niliandika kwa jazba. Mdogo wangu alikufa ajalini, ana miaka 22. Nina sauti zake zote za WhatsApp. Kuna programu siku hizi unaipa meseji za marehemu, inakuwa inakujibu kama yeye. Nimesoma kwamba hata Ray Kurzweil, yule bingwa wa mambo ya akili mnemba, ametunza makaratasi ya baba yake aliyekufa 1970 ili atengeneze kitu cha namna hiyo. Nikasema nijaribu. Nikaandika, "Umeshindaje?" Ikajibu, "Poa bro, wewe je?"

Mdogo wangu hajawahi kuniita bro. Aliniita kaka, hata tukigombana.

Nimeifuta. Ndiyo maana nauliza kaburi gani limefunguka. Nauliza kweli.

#10 FundiBaridi

Pole sana mdogo wangu. Pole. Nisamehe kama nilikujibu kimashindano.

Nimekaa na post yako tangu asubuhi, niko juu ya paa la hospitali nabadilisha feni, nashuka kuisoma tena.

Sitakuambia yuko mahali pazuri usihuzunike. Martha aliambiwa ndugu yake atafufuka, akajibu najua, siku ya mwisho, na kwa sauti yake unasikia kabisa kwamba halimsaidii leo. Na yule aliyekuwa anakwenda kumwita Lazaro dakika chache baadaye alilia pale pale njiani. Kama kifo ni mpito tu usio na neno, alikuwa analilia nini? Paulo amekiita adui, adui wa mwisho. Ndiyo maana siwezi kuwacheka hawa wa Arizona. Wamemtambua adui. Wahubiri wetu wengine wameshafanya naye urafiki.

Lakini hiyo "kaka" yako ndiyo imenipa jibu la swali langu la mwanzo kuliko yote yaliyosemwa humu. Tangi linahifadhi ubongo, ile programu inahifadhi maneno, na vyote vinafanya kana kwamba mtu ni mzigo: ukifungwa vizuri usivuje, umemtunza. Wewe ulimjua mdogo wako kwa namna alivyokuita. Matumaini ya Mkristo, ninavyoyashika mimi na besi yangu, ni kwamba yuko anayemjua hivyo, kwa jina, na zaidi ya unavyomjua wewe, na kujua kwake hakuhitaji umeme. Maria pale bustanini hakumtambua kwa sura. Alimtambua alipoitwa "Maria."

Mzee wa Lumumba, huyo Fedorov wako nimempenda na nimemgomea. Nimempenda kwa sababu ndiye peke yake kati ya wote hawa aliyekumbuka waliokwisha kufa. Wa mabilioni wanataka wao wasife. Nani anamtafutia nafasi bibi yangu, aliyekufa kwa kifafa cha mimba 1958, hana picha hata moja? Pale namgomea ni kwamba kazi ile ametupa sisi. Mimi nimeshindwa na tundu la gesi lisiloonekana kwa macho. Kizazi ambacho hakikununua dizeli ya Ijumaa kinawezaje kupewa ufufuo?

Na kuna makovu. Huyo aliyefufuka aliwaonyesha mikono na ubavu. Ungefikiri hilo ndilo la kwanza kurekebishwa. Wote wanaouza kutokuzeeka wanatangaza ngozi isiyo na alama, yeye katoka na matundu, Thomasi anaambiwa atie kidole. Sijui kulieleza vizuri. Nikiwaona wale wa droo, kila mmoja na kovu lake, la jembe, la uzazi, la panga, huwa nalikumbuka.

#11 Mpita Njia

Swali fupi kwa mleta uzi. Alcor wakikupigia leo, bure, mwili mzima, tiketi juu yao. Unakwenda?

#12 FundiBaridi

Nimelifikiria kweli, sio utani. Kwa ajili ya kuona matangi ningeenda kesho, ningekaa wiki nzima nawauliza maswali mpaka wanifukuze.

Kuingia ndani, hapana. Mama yangu amelala kihambani, Marangu, chini ya migomba, hatua kama kumi kutoka mlango wa jikoni kwake. Baba yuko kushoto kwake. Nafasi ya kulia tumeiacha, kila mtu nyumbani anajua ya nani, na mke wangu ameshapanda maua pembeni kana kwamba ni bustani ya kawaida. Sasa niamke Scottsdale mwaka 2300, peke yangu, nauliza watu njia ya Marangu?

#13 SinaUpande

Asante fundi. Bado sina upande. Ila Pasaka ijayo nitamtafuta BintiRungwe anielekeze hayo makaburi.

#14 BintiRungwe

Karibu sana. Njoo na koti, usije na fulana kama watu wa Dar.

#15 Mama Kevi

Habari fundi, uzi mzuri, nimelia. Nje ya mada kidogo: friza langu linatoa maji chini na barafu inajaa upande mmoja tu, shida ni nini?

#16 FundiBaridi

Dada, weka noti kati ya mlango na mpira wake, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka, hewa inaingia. Zunguka pande zote nne. Usikubali fundi yeyote akuambie gesi imeisha kabla hujafanya hivyo.